Betri ya Koko Namelok

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla ya chakula cha mchana, na nilistahili. Shamba moja la kahawa kule Oldeani lilikuwa limefunga paneli nne juu ya paa la ofisi, kwa ajili ya redio ya mawasiliano na taa za karani, nami nikaajiriwa kama msaidizi wa mitambo. Neno "msaidizi" sikulipenda tangu siku ile. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti changu kiko kwenye bahasha ya kaki, na nilitaka kuwaonyesha watu kwamba binti wa Kimbulu anaijua kazi. Nikaziona zile paneli zimefunikwa na vumbi jekundu. Nikachota maji ya baridi kwenye pipa, nikapanda ngazi saa sita, jua likiwa utosini, nikaanza kumwaga.

Msimamizi wa Mitambo, mzee mfupi asiyeachana na bisibisi yake hata kanisani, alitoka karakana mbio.

"Wewe binti! Shuka! Shuka na hiyo ndoo!"

Nilishuka. Akanieleza kwamba kioo kilichopata moto juani ukikimwagia maji ya baridi ghafla kinaweza kupasuka. "Paneli inaoshwa asubuhi," alisema, "kama wewe unavyonawa uso. Saa sita iache ifanye kazi, nawe nenda ukafanye yako." Kisha akaniuliza jina, nikamwambia ni Martina, akasema Martina karibu Oldeani, na chai iko jikoni kwa mpishi.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha mfumo wa sola kwa vidole vyake vinne. Paneli inazalisha umeme. Kontrola, kile kiboksi chenye taa ndogo, inailinda betri isijazwe kupita kiasi wala isinyonywe hadi ikauke. Betri inatunza kilichopatikana mchana. Inveta inaugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani, ili televisheni na friji visigome. Baada ya hapo alikunja vidole vitatu, akabaki na kile cha betri. "Wateja watakuuliza habari za paneli," alisema. "Wewe waulize habari za betri. Paneli unanunua mtoto wako akiwa anatambaa, na siku anaoa bado ipo juu ya paa. Betri utainunua tena na tena."

Nilikaa naye miaka sita. Barabara ya Oldeani wakati wa masika mnaijua wenyewe, na mara nyingi vifaa vilifika vikiwa mgongoni mwa vibarua kwa sababu gari limezama njiani. Alipostaafu alinipa ile bisibisi, nami nikalia mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kutoka Oldeani nilihamia kampuni moja ya sola pale Karatu mjini. Hapo nilikuwa chini ya Meneja, mtu mrefu mwenye kikokotoo mezani na kingine mfukoni. Alikuwa mkali wa bei, na kama alikuwa na huruma basi aliificha vizuri. Alinipa cheo cha fundi wa kufunga, na baadaye fundi mkuu, ila mjini nilijulikana kwa jina moja tu, Mama Sola. Hata padri aliniita hivyo.

Vijana wanaosoma haya watapenda kujua aina za mifumo, maana kila wiki kuna anayenisimamisha sokoni kuniuliza, tena akiwa ameshanunua. Sitataja bei kwa shilingi, kwa sababu bei ya sola ikiandikwa leo kesho imegeuka uongo. Nitasema kipi kinakula sehemu gani ya fedha yako.

Aina ya kwanza ni mfumo unaojitegemea, wenye paneli na betri, usio na habari na nguzo za umeme. Huo ndio wa Olbalbal, wa Loliondo, na wa mashamba ya mbali. Humo betri ndiyo inayokula karibu nusu ya fedha yako, na ikifa inakula tena. Aina ya pili ni mfumo ulioungwa na umeme wa nguzo bila betri yoyote. Mchana unatumia jua lako, jioni unatumia umeme wa shirika. Huo ni rahisi kuliko yote kwa kila wati unayopata, kwa sababu hujanunua betri. Aina ya tatu ni mseto, yaani umeme wa nguzo, paneli na betri vyote pamoja, na inveta yenye akili ya kuchagua. Mseto ni mtamu, na ni ghali.

Nilimfungia mkurugenzi wa hoteli moja pale Karatu ile aina ya pili. Nilimweleza yote kabla ya kufunga, akawa anaitikia "sawa, sawa" huku akichezea simu. Siku moja umeme ukakatika saa saba mchana, hoteli ina wageni waliotoka kutazama wanyama kreta na njaa zao, akanipigia akifoka.

"Mama Sola, jua lile pale linawaka! Mbona jikoni kwangu giza?"

Nikamkumbusha kwamba mfumo usio na betri hujizima wenyewe pindi umeme wa nguzo unapokatika. Usipojizima, utasukuma umeme kwenye nyaya ambazo fundi wa shirika amezishika akiamini hazina kitu, na utamuua.

"Kwa hiyo nimenunua sola inayogoma pamoja na shirika?"

"Ndiyo, bosi. Na nilikwambia."

Mwaka uliofuata aliongeza betri za lithiamu, zikamgharimu kuliko paneli na inveta kwa pamoja, lakini hakujuta. Zile betri za zamani za madini ya risasi ukitaka ziishi usitumie zaidi ya nusu ya kilichomo. Za lithiamu unaweza kutumia karibu zote, na zinadumu mara kadhaa zaidi. Paneli zake za mwanzo alizishusha ili aweke kubwa zaidi, zikaja kulala stoo kwetu. Zilikuwa nzima kabisa.

Sasa nije Olbalbal, ambako nilikosea.

Kijana mmoja wa Kimasai, Lemayan, alikuwa mlinzi wa geti Dar es Salaam. Alikuwa ametuma fedha taslimu tumfungie mama yake mfumo mdogo. Meneja akanikabidhi Fomu ya Mizigo, ile karatasi ya kuhesabu vitu vitakavyotumia umeme, nikashuka na gari la kampuni hadi uwanda ule mkavu chini ya milima ya kreta, ambako upepo unakutia mchanga hata masikioni.

Mama yake alikuwa Koko Namelok. Koko ni bibi kwa Kimasai, na kila mtu pale alimwita hivyo. Nilimsalimu "Takwenya," akaitikia "Iko," akanishika mkono akakaa nao kidogo, akiangalia kucha zangu zilizojaa grisi. Kiswahili hakukijua sana. Binti yake wa mwisho, Nasieku, aliyesoma hadi kidato cha nne, ndiye alikuwa mkalimani wetu.

Nilitaka kupanda juu ya paa, Koko akanizuia kwa fimbo. Nasieku akacheka.

"Anasema nyumba ameijenga yeye kwa mikono yake, na paa ni la udongo na mavi ya ng'ombe. Ukipanda na hivyo viatu utaingia chumbani bila hodi."

Kwa Wamasai mwanamke ndiye mjenzi wa nyumba, na nilipaswa kulikumbuka hilo. Koko alinionyesha penye mti imara, maana aliufunga mwenyewe, na hapo ndipo tulipokaza fremu tukiwa tumesimama chini. Paneli tuliilaza kidogo, ikitazama kaskazini, ili mvua ikinyesha isafishe vumbi. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikajaza fomu. Taa tatu, wati tatu kila moja, saa nne kwa siku. Redio moja.

"Mna simu ngapi?" niliuliza.

"Moja," alisema Nasieku.

Nikaandika moja. Nilipiga hesabu, nikaongeza akiba kidogo kwa siku za mawingu, nikaweka betri ndogo ya kutosha kazi hiyo. Ilikuwa ya aina isiyofunguliwa, isiyotaka maji wala mafuta, unaisahau tu. Kabla sijaondoka simu ikalia. Alikuwa Lemayan. Koko aliibana sikioni kwa mikono miwili, akamuuliza maswali mengi mafupi mafupi. Nasieku aliniambia anauliza habari za chakula, na kama huko Dar kuna mtu wa kumsalimia asubuhi. Kabla ya hapo simu ile ilikuwa inapelekwa mnadani, kwenye soko la mifugo, kuchajiwa, ikirudi baada ya siku tatu nne. Lemayan alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka minne. Taa Koko alizishukuru kwa adabu. Alichokitaka hasa kwenye sola ile ni sauti ya mtoto wake, hilo nililiona kwa macho yangu.

Miezi minane baadaye nilikuwa ofisini Karatu asubuhi, akaingia kijana mrefu mwenye begi mgongoni na macho mekundu ya safari ya basi.

"Shikamoo mama. Ninyi ndio mlimfungia mama yangu sola Olbalbal?"

"Marahaba. Mama yako nani?"

"Namelok. Mimi ni Lemayan." Hakukaa. "Wiki tatu simu yake haipatikani. Sina namba ya mtu mwingine inayopatikana, zote zimezimwa. Niliomba ruhusa kazini wakaninyima, wakasema mama wa kila mlinzi ni mgonjwa. Nimeacha geti nimekuja. Niambie, mama yangu yuko hai?"

Ningejuaje? Nilimwangalia Meneja, Meneja akaangalia kikokotoo chake. Halafu akanirushia ufunguo wa gari.

Safari ile sikuipenda. Tulipanda ukingo wa kreta kwenye ukungu, tukashuka upande wa pili kwenye jua, na Lemayan akawa ananionyesha njia ambayo naijua. Nilijaribu kumwambia kwamba huenda ni betri tu. Nilisikia mwenyewe jinsi neno "tu" lilivyokuwa dogo. Moyoni nilikuwa nasali, nami si mwepesi wa kusali nikiwa kwenye usukani.

Koko Namelok alikuwa amesimama kwenye kigoda, mikono imejaa mavi ya ng'ombe hadi kwenye viwiko, anakandika ufa wa paa lake. Aligeuka kusikia gari. Lemayan alifungua mlango kabla sijasimamisha vizuri, akakimbia, na alipomkaribia akasimama akainamisha kichwa kama mtoto, akisubiri kuguswa utosini kama ilivyo desturi yao. Koko alimgusa kwa mikono ile ile, bila kunawa. Kijana alikuwa analia na samadi inamtiririka usoni. Mimi nilijifanya naangalia tairi.

Kisha nikaenda kwenye betri, maana ndiyo kazi yangu. Ilikuwa imekufa. Waya wa kwenda kontrola ulikuwa umechomolewa, na juu ya vichwa vya betri zilikuwepo alama za vibanio. Nikamuuliza Nasieku, naye alinieleza bila kuficha.

"Watu wanakuja kuchaji, mama. Wachungaji wanapita na ng'ombe wao kwenda kutafuta maji, wanaona paneli, wanaleta simu. Mwanzo kumi. Baadaye thelathini kwa siku. Ile taa nyekundu ya kontrola ikawa inawaka, umeme unakatika. Akaja mgeni mmoja mjuaji akasema hiki kiboksi ndicho kinachobana, akakiruka, akaunga moja kwa moja kwenye betri. Zikachaji siku mbili. Halafu basi."

Betri ilipokufa, simu zote za pale zilizimika karibu siku ile ile, kwa kuwa zote zilikuwa zinanyonya mahali pamoja. Ya Koko alipewa mchungaji aipeleke mnadani, naye akahama na mifugo kufuata majani, simu mfukoni.

"Mbona hamkukataa?" niliuliza. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa inatoka kwa sauti. "Niliwafungia sola ya simu moja! Fomu inasema moja!"

Nasieku alimtafsiria mama yake. Koko alinijibu taratibu, akinitazama.

"Anasema ulimuuliza ana simu ngapi. Hukumuuliza ana wageni wangapi. Na anauliza, kwenu Karatu mtu aliyetembea tangu alfajiri akija na simu iliyokufa, mnamwambiaje?"

Nimezaliwa kwenye vilima hivi hivi, nyumba ambayo mgeni akipita wakati wa ugali ananawa mikono. Mama yangu hakuwahi kupika kwa hesabu ya vichwa vilivyokuwepo, siku zote alizidisha sahani. Nami nimekuja hapa na fomu ya watu wa mjini nikamhesabia mwanamke wa boma simu moja. Kosa lilikuwa langu, na kijana wa watu alikuwa amepoteza kazi kwa ajili yake. Nilimwambia hivyo Lemayan, mbele ya mama yake. Aliniitikia kwa kichwa, hakusema "si kitu", na nilimheshimu kwa kutosema.

Koko ndiye aliyenishangaza. Alinipa maziwa kwenye kibuyu, akasema jambo, Nasieku akasita kulitafsiri.

"Anasema asante. Anasema betri ingekuwa nzima, huyu angemwona lini?"

Nilirudi Karatu nikamweleza Meneja. Alishika karatasi ya dhamana akaisoma kwa sauti. "Kontrola imerukwa. Matumizi mabaya. Hatulipi. Mwambie aweke ada, kila simu mia tano, atanunua betri mwenyewe."

"Hatatoza mtu aliyetembea, bosi. Na matumizi hayakuwa mabaya. Hesabu ndiyo ilikuwa mbaya, na sahihi iliyo chini yake ni yangu. Nikate mshahara."

Akasema, "Chukua betri moja mpya. Ya mwisho. Na zile paneli za hoteli zinazojaza stoo yangu, ondoka nazo mbili, zinanisumbua." Mshahara hakukata. Nilimwambia huruma yake imeonekana leo, akaniambia nitoke ofisini.

Ufungaji ule wa pili ndio ninaojivunia kuliko hoteli zote, ingawa ulikuwa mdogo. Ukweli wa sola ni kwamba jua la mchana ni la bure, na jua la usiku unalinunua kwa bei ya betri. Kwa hiyo niligawa kazi. Paneli ndogo ya zamani niliiachia betri, taa na simu ya Koko. Zile kubwa mbili nilizisimamisha kwenye nguzo nje, nikaziunganisha na kifaa cha kushusha volti na ubao wa matundu ya kuchajia, bila betri yoyote. Mgeni akija mchana anachaji kwa jua lenyewe, simu hamsini akitaka. Jua likizama, matundu yanazimika na wageni wanaaga. Betri haiguswi, na kontrola niliifungia ndani ya sanduku lenye kufuli. Paneli kwa sasa ni rahisi, vijana. Ukiona unabanwa na fedha, ongeza paneli na upunguze tamaa ya betri, na kazi zako nzito zifanye jua likiwepo.

Lemayan alinisaidia kuchimba shimo la nguzo. Alikuwa amepata habari ya geti jingine Dar, anaondoka baada ya siku nne. Mchungaji alikuwa amerudisha simu. Tulipomaliza, kila kitu kinawaka, Koko alizunguka ile nguzo mara mbili, akaniuliza swali kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Hii, itakufa tena?"

"Haitakufa, koko," nilimwambia kwa furaha. "Nimehakikisha. Miaka mingi haifi."

Alimwangalia mwanawe aliyekuwa ananawa udongo miguuni.

"Basi huyu harudi," alisema.

Niliumia. Nilikuwa nimekuja kutengeneza kosa langu na nimelitengeneza vizuri mno. Nilienda kwenye gari, nikakaa kwenye kiti, nikatoa kadi ya dhamana iliyokuwa na jina la Lemayan kama mnunuzi. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumdanganya mteja. Siku hiyo niliandika kwa herufi kubwa: BETRI IKAGULIWE KILA MWAKA, MNUNUZI AWEPO MWENYEWE, VINGINEVYO DHAMANA ITAKUFA. Nikagonga mhuri wa kampuni. Betri ile ilikuwa ya aina ile ile ya kwanza, haifunguliwi na haina cha kukaguliwa ambacho Nasieku asingeweza kukiona kwa kuangalia taa ya kijani.

Lemayan aliisoma polepole. "Kila mwaka? Mimi mwenyewe?"

"Ndiyo masharti," nilisema, nikaangalia pembeni.

Na kweli alikuja. Kila mwaka, kabla ya masika, alikuwa anapitia ofisini Karatu na begi lake, tunashuka pamoja Olbalbal. Mimi nilikuwa napima volti kwa uso mzito wa kitaalamu, yeye anaangalia mita kana kwamba anaelewa, halafu anabaki kwa mama yake wiki nzima. Kwenye Fomu ya Mizigo niliongeza swali kwa mkono, Meneja akalikubali na likachapishwa: "Nani mwingine atachaji hapa?" Mafundi wapya walilicheka hadi walipofika Loliondo na kujibiwa "wote".

Sasa nimestaafu. Juu ya bati langu hapa Karatu kuna mseto mdogo, paneli sita na betri moja ya lithiamu niliyoinunua kwa kiinua mgongo. Wanaokuja kuniuliza kipi kinafaa nawauliza kwanza wanaishije. Wanapika saa ngapi, nani anawatembelea, maji wanavuta mchana au jioni. Wengine wanachoka na maswali wanaenda dukani kununua kilichopo kwenye promosheni. Nawatakia heri, tutaonana betri ikifa.

Lakini lile la mhuri lilinikosesha raha. Safari yangu ya mwisho na Lemayan, kabla sijakabidhi ofisi, nilisimamisha gari pale ukingoni tukiwa tunashuka, nikamwambia. Niliogopa fundi atakayenirithi atamcheka.

"Lemayan, nina jambo la kukiri. Ile betri haihitaji wewe uwepo. Sikukwambia ukweli."

Alitabasamu akiangalia mbele.

"Mama Sola, Dar mafundi wa sola wako kila kona. Nilimuuliza mmoja mwaka ule ule wa kwanza. Alicheka hadi akakaa chini."

"Sasa mbona ulikuwa unakuja?"

"Kwa bosi wangu ukisema unakwenda kumwona mama, anasema hapana, kila mlinzi ana mama. Ukimpa karatasi yenye mhuri, imeandikwa mali itapoteza dhamana, anasoma mara mbili anasema nenda, mali ni mali." Alitoa pochi, akanionyesha ile kadi, imefungwa kwenye nailoni, imechakaa kwenye mikunjo. "Imeanza kuchanika. Kabla hujastaafu, niandikie nyingine."

"Ngapi?"

Alifikiri. Koko alikuwa mzee sana wakati huo, na wote wawili tulilijua hilo.

"Kumi," alisema.

Niliandika kumi, pale pale juu ya boneti, kila moja na mwaka wake, na mhuri nikazigonga zote. Mwezi uliopita alipita hapa kwangu akitokea Olbalbal, ametumia kadi ya tatu. Tulikunywa chai barazani. Nilimuuliza betri inaendeleaje, akaniambia hakukumbuka kuiangalia.